Kitasa cha Umeme Kisikose Ufunguo

Ndugu wanafunzi, wapo miongoni mwetu wanaotamani kubuni kitasa cha umeme kinachofunguliwa kwa simu. Kazi hiyo tunaiunga mkono, ila tunasema: kwanza fikirini njia ya kutokea. Agosti 2017, huko Marekani, kampuni ya LockState ilituma programu yenye kasoro kwenye vitasa vyake kupitia intaneti. Vitasa vipatavyo 500 vikakataa namba za siri. Tena umeme hukatika, na simu huisha chaji. Kwa hiyo, kwa nje pawe na tundu la ufunguo wa chuma. Kwa ndani, kishikio kisichotegemea umeme. Moto ukizuka usiku, mtoto hatafuti simu, anatafuta kishikio. Tahadhari kabla ya hatari.