UBONGO WA MTOTO TUMBONI

Watu wengi hapa Tunduma wakisikia habari za altrasaundi hufikiri ni mashine ya kumjulisha mama kama atazaa mtoto wa kiume au wa kike. Kwa maoni yangu huko ni kuidharau kazi kubwa.

Mashine hii hupeleka mwilini sauti ambayo sikio la mtu haliwezi kuisikia, nayo sauti ikirudi kama mwangwi hugeuzwa kuwa picha. Dr. Ian Donald wa Glasgow na wenzake walitangaza picha za namna hiyo mwaka 1958. Siku hizi hata ubongo hupimwa. Mwaka 2023 Ana Namburete wa Oxford na wenzake walitoa ramani ya ubongo wa mtoto tangu wiki ya 14 ya mimba hadi ya 31, kwa picha 1,059 za watoto 899. Mama zao walikuwa wenye afya njema, wakaao mahali panane duniani, Nairobi na Muscat zikiwamo.

Basi tazameni walichokiona. Tofauti kati ya mahali na mahali hazikufika hata sehemu 8 katika 100 za tofauti zote walizopima. Wale wapendao kusema kwamba Mwafrika huzaliwa na ubongo wa namna nyingine na walijibu hilo! Tena katika wiki ya 14 pande mbili za ubongo zimekwisha kuanza kutofautiana, na kati ya wiki ya 20 na 26 tofauti huwa kubwa kabisa katika sehemu zihusuzo lugha. Mtoto hajalia bado, na mahali pa maneno panatengenezwa.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba mama apimwe kwa altrasaundi mara moja kabla ya wiki ya 24. Wako wanaoficha mimba changa kwa kuogopa maneno ya watu, wakaenda kliniki mwezi wa saba. Hao wamechelewa.

Lakini sikubaliani na wadhanio kwamba mashine ikifika kila zahanati kazi imekwisha. Mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga siku ya 28 hivi tangu mimba kutunga, na mama wengi wakati huo hawajajijua. Usipofunga vema, mtoto aweza kuzaliwa na mgongo wazi. Altrasaundi yaweza kuuonyesha, kuufunga haiwezi. Lipunguzalo hatari hiyo ni foliki asidi, iliwayo kabla ya mimba. Unga wa ngano wa viwanda vikubwa hutiwa, illa sisi wa Mbozi na Momba twala ugali wa mahindi yetu, yaliyosagwa kwa jirani, nao unga huo kwa kawaida hautiwi kitu.

Kwa hiyo nawaomba wakubwa wa Mkoa, watakapohesabu fedha za mashine, wahesabu na za vidonge hivyo, na za kumfundisha mpimaji. Na wasichana wa kidato chetu waambiwe habari hizi sasa, hawajaolewa, kwa kuwa wakingoja kuambiwa kliniki, mtoto wa kwanza hazitamfaa.