Mkono Usio na Deni



Binti yetu wa kwanza alipopokea Komunyo ya kwanza, tulifanya karamu kubwa. Gauni jeupe lilishonwa, viatu vikanunuliwa, mbuzi wawili wakachinjwa, na kreti za bia zikapangwa uani. Fedha hatukuwa nazo, tulizikopa. Karamu ilikwisha jioni ile ile, lakini deni lilituandama miezi minane. Tena tuungame jambo hili, ingawa ni la aibu: mtoto mwenyewe alilala njaa kwa sababu ya wingi wa wageni, wala hapana aliyekumbuka kusali naye usiku ule.

Kila siku twasali Baba Yetu. Humo Bwana Yezu hakutufundisha kuomba ghala iliyojaa, bali mkate wa siku. Nasi twayatamka maneno hayo upesi upesi, kisha twatoka kanisani tukitazama ni nani aliyevaa kitenge kipya. (Wanaume wasicheke: hesabu ya bia ni nani anayeifanya?)

Watu wengi hudhani kwamba kuishi kwa kiasi ni shauri la mapadri na masista tu. Basi, tumtazame kijana mmoja mlei wa Kivu, Mwenyeheri Floribert Bwana Chui. Alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alisoma sheria katika chuo kikuu, kisha akapata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa zinazopita mpakani. Wanafunzi, mwajua jinsi kazi ya namna hiyo inavyotamaniwa! Wazazi wangapi wangemwambia mtoto wao: sasa umefika, utujengee nyumba ya orofa? Lakini yeye alikuwa mtu wa Jumuiya ya Sant'Egidio, na nafasi yake aliwapa watoto wa barabarani, wale tunaowaita maibobo, ambao wengine huwafukuza kama mbwa. Aliwataka wale, na wasome.

Mwaka 2007 kililetwa mbele yake chakula kilichoharibika. Akatolewa matabishi ili akipitishe. Alikataa, maana alijua ya kuwa watu watakaokila wataugua au watakufa. Wakamshurutisha, akakataa tena. Ndipo alipokamatwa na watu, akateswa, akauawa. Alikufa tarehe 8 Julai 2007, mwenye umri wa miaka 26. Mnamo Novemba 2024 Papa Fransisko alikubali kwamba kifo chake ni kifodini, na tarehe 15 Juni 2025 akatangazwa Mwenyeheri huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo.

Twafikiri kwamba mtu hajifunzi kukataa siku ile bahasha inapowekwa mezani. Siku ile amekwisha kuchelewa. Hujifunza zamani, sokoni na nyumbani kwake, anapoona kitu kizuri na kusema: hiki sikihitaji. Mtu anayedaiwa na mwenye duka, na mshonaji, na shemeji yake, atakuwa na nguvu gani mbele ya bahasha? Hata akiwa na moyo mwema, mkono wake si wake tena. Ni wa wadai wake. Sisi wenyewe, katika miezi ile minane, tulishukuru Mungu kwamba hapana aliyetujaribu.

Hatusemi kwamba sherehe ni dhambi. Yezu mwenyewe alikwenda arusini Kana, wala hakuwanyima watu divai. Twasema tu kwamba siku ya Komunyo ni siku ya mtoto na Bwana wake, nasi tuliigeuza kuwa siku yetu mbele ya majirani.

Mwaka huu ni zamu ya mdogo wake. Gauni la dada yake limetolewa sandukuni. Pindo limekunjuliwa, madoa yamefuliwa. Tutapika wali na maharagwe, nasi tutakula pamoja na wasimamizi wake wa Ubatizo na jirani mmoja mjane. Shangazi yake amenuna. Lakini ameahidi kuja tangu jana yake, ili wasali rozari pamoja na mtoto kabla ya kulala.