Usiniambie data yangu imefumbwa. Niambie nani anaruhusiwa kuitafuta

Kila mtu akiuliza kuhusu Maisha Namba, ama app yoyote inayotaka uso na vidole vyako, anajibiwa vilevile: tulia, data imefumbwa, hakuna anayeweza kuisoma. Watu wanatikisa kichwa, maisha yanaendelea. Mimi ni wa Garissa, na huku hilo jibu halitoshi. Data ikiwa imelala haimuumizi mtu. Inaumiza siku mtu anaitafuta na kompyuta inasema, "Ndiyo, huyu yuko."

Wa Nairobi na Mombasa, hebu niwape hii stori, maana wengi hamuijui. Kambi za Dadaab zilianza 1991 Somalia ilipoporomoka. Ziko kaunti yetu: Ifo, Dagahaley, Hagadera. Ukame ukaja, mmoja miaka hiyo hiyo ya mwanzo, mwingine mbaya kabisa 2011. Mifugo ikaisha. Familia za Wakenya waliokuwa jirani na kambi zikaenda kupanga foleni ya chakula kama kila mtu mwenye njaa. Kupata mgao lazima uandikishwe, na baadaye uweke kidole. Mama anaandikisha watoto wake wote kwa sababu mgao unahesabu vichwa. Wewe ungekataa?

Miaka inapita. Mtoto anafika 18, anaenda kuomba kitambulisho, vidole vyake vinalinganishwa na orodha ya wakimbizi, jibu linatoka: wewe si Mkenya. Baba yake ana kitambulisho, nyanya yake amezikwa hapa, haijalishi. Bila hicho kipande hakuna laini ya simu kwa jina lako, hakuna M-Pesa, hakuna kura, na kila kizuizi cha polisi barabara ya kwenda Nairobi ni shida. Mashirika ya haki yamekadiria walionaswa hivi ni zaidi ya 40,000. Ukikaa Garissa lazima unamjua mmoja.

Sasa skiza vizuri: hakuna aliyeiba hiyo data. Hakuna mdukuzi. Ungeifungia kwa kufuli kali kuliko zote duniani na bado hao watu wangenaswa, kwa sababu aliyetafuta ndiye mwenye ufunguo. Data ilichukuliwa kwa ajili ya unga na mafuta, ikaja kutumika kumvua mtu uraia.

Ndiyo maana nakasirika nikisikia "imefumbwa" imetajwa kama dawa ya kila kitu. Klaudi ni kompyuta ya mtu mwingine tu. Kwa mfumo wa kawaida data inafungwa ikisafiri na inafungwa ikihifadhiwa, lakini ukitaka kutafuta kitu ndani, inafunguliwa kwanza. Na mwenye uwezo wa kuifungua kutafuta jina moja anaweza kutafuta majina yote, usiku, bila kumwambia mtu.

Kuna njia nyingine, na si ndoto. Mwaka 2000 Dawn Song, David Wagner na Adrian Perrig, wote wa chuo cha Berkeley, walionyesha jinsi seva inavyoweza kutafuta ndani ya data iliyofumbwa bila kuifumbua. Fikiria unamwekea mwenye duka bahasha elfu moja zilizofungwa. Kila moja ina muhuri wa siri ambao ni wewe tu unajua kuutengeneza. Ukitaka barua fulani unamtumia muhuri wake, yeye analinganisha, anakupa bahasha. Hajui imeandikwa nini, na muhimu zaidi, bila muhuri wako hawezi kutafuta chochote. Mwaka 2009 Craig Gentry akaenda mbali zaidi, akaonyesha unaweza kufanya hesabu yoyote juu ya data iliyofumbwa, jibu nalo likatoka limefumbwa.

Vidole ni vigumu kuliko maneno, nakubali. Kidole hakitoi picha sawa mara mbili, kuna jasho, kuna mikwaruzo, kwa hivyo mashine lazima ipime ukaribu, na kupima ukiwa umefunga macho kunakula nguvu nyingi za kompyuta. Pia mwenye duka akiona bahasha gani zinatoka kila siku anaweza kuanza kukisia. Watafiti walithibitisha udhaifu huo 2012. Lakini inafanyika. Unakumbuka Worldcoin, ile foleni ya macho pale KICC 2023? Mwaka 2024 walitangaza wamekatakata alama za macho vipande vya siri, wanalinganisha bila mtu mmoja kushika kitu kizima. Kwa hesabu, hao jamaa wametuacha mbali. Na bado Mei 2025 Mahakama Kuu iliwaagiza wafute data ya Wakenya, kwa sababu ridhaa ilinunuliwa kwa pesa na tathmini ya athari haikufanywa. Hesabu nzuri haikuwaokoa na swali la kwanza: nani alikupa ruhusa?

Najua mnachotaka kusema. Usalama. Tafadhali, msije kutufundisha hilo neno. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, mjini kwetu. Sisi ndio tunataka wauaji watafutwe. Lakini kumtafuta mshukiwa mmoja kwa amri ya korti ni kitu kimoja. Kumpitisha kila kijana wa jamii moja kwenye orodha ya njaa ni kingine. Mfumo wa mihuri unaruhusu la kwanza na kuzuia la pili. Ufunguo wa data ya chakula haukai kwa dawati la vitambulisho. Anayetaka kutafuta anaomba muhuri, anaandika sababu, rekodi inabaki.

Februari 2025 Rais Ruto alifuta ule msasa wa wazee tuliokuwa tunapitia kupata kitambulisho huku. Tulishangilia, na haki yetu kushangilia. Ila wazee ungeweza kubishana nao, ungeweza kuleta shahidi, ungeweza hata kulia. Orodha iliyo kwa kompyuta haijui hayo.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iko. Kifungu cha 26 kinakupa haki ya kujua data yako inatumika kwa nini na kudai kosa lirekebishwe. Cha 35 kinasema usihukumiwe na mashine peke yake. Oktoba 2021 mahakama ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma kwa sababu serikali haikufanya tathmini ya athari kwanza, kwa hivyo msiniambie haiwezekani kuwashinda.

Ukienda kuchukua kitambulisho, uwe wa Bulla Iftin ama wa Kileleshwa, uliza: vidole vyangu vimelinganishwa na orodha gani, aliyeruhusu ni nani, na mara ngapi nimetafutwa. Afisa akisema hakuna rekodi kama hiyo, mwambie aandike hivyo kwa karatasi na apige muhuri.