Simamisha Gari

Muhula uliopita, katika somo la uandishi wa insha, kila mmoja wetu alitakiwa kuwasilisha mada yake. Wenzangu walichagua Kiswahili na utangamano wa Afrika Mashariki, nafasi ya mwanamke katika tamthilia, methali na malezi. Mimi niliandika: "Raha ya safari ndefu ya gari kando ya Ziwa Tanganyika." Karatasi yangu ilirudi na maneno matatu ya wino mwekundu: Mada haina uzito. Mwenzangu mmoja akamalizia mbele ya darasa: "Kusafiri kwa kutembea tu ni mambo ya wazungu na watoto wa matajiri. Mwafrika husafiri kwa sababu." Darasa likacheka, na mimi nikacheka nao ili nisionekane nimeumia.

Niliumia. Na kwa kuwa mkusanyiko huu umetupa nafasi ya kusema tunachokiamini, najibu hapa. Nadai kwamba safari isiyo na msiba wala shida nyuma yake ni jambo zito kuliko mengi tunayoyaandikia insha. Kwamba raha yake kuu haimo katika mwendo bali katika uwezo wa kusimama. Na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili anayeishi kando ya ziwa hili bila kulitembea amesoma nusu ya somo.

Nianze na safari yenyewe, maana ubishi usio na mfano ni kelele. Mwaka jana mjomba aliazimwa gari na rafiki yake kwa siku moja. Tulitoka Bujumbura saa kumi na mbili asubuhi, tukashika barabara ya taifa namba tatu inayokwenda kusini, ziwa likiwa kulia na milima kushoto. Ni takribani kilomita 75 hadi Rumonge, ambako tulimchukua mama na mdogo wangu wa kike, na zaidi ya 120 hadi Nyanza-Lac. Kutoka hapo barabara huliacha ziwa, ikapanda Mabanda kuelekea mpaka wa Tanzania. Sisi tulifika Mabanda, tukageuza, tukarudi Rumonge usiku. Mtu atasema kilomita hizo hazistahili kuitwa safari ndefu. Mimi urefu wa safari naupima kwa mara tulizosimama. Tulisimama mara kumi na moja.

Tulisimama Mugere, kwenye jiwe lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25-XI-1871. Wengi huamini hapo ndipo walipokutana. La, walikutana Ujiji wiki kadhaa kabla. Mugere walipita tu, wakielekea kaskazini ya ziwa kwa mtumbwi. Fikiri juu ya jambo hilo, ndugu msomaji. Watu wawili walisimama kando ya maji, wakatazama, wakaandika walichokiona, na leo wana jiwe. Waliowapigia makasia hawana jiwe, maana kazi yao ilikuwa kwenda, si kusimama. Anayesimama ndiye anayeandika. Tukikubali kwamba kusimama na kutazama ni tabia ya wageni, tumekubali pia kwamba kuliandika ziwa letu ni kazi ya wageni.

Tulisimama Rumonge, mwaloni, ambako dagaa walikuwa wameanikwa juani na wavuvi wa usiku wamelala kivulini mwa mitumbwi yao. Mchuuzi alituonyesha samaki akasema, "Huyu mukeke." Mama akamgeuza mkononi, akasema, "Kule Kasulu tulikuwa tunamwita mgebuka." Wakabishana kwa dakika kadhaa, samaki yuleyule akiwa na majina mawili. Kisha mchuuzi akataja ndagala, mama akataja dagaa, na mimi nikabaki nimeduwaa. Darasani tulitumia saa mbili kuhusu udondoshaji wa sauti, tukakariri mifano ya kitabuni. Hapa sauti /l/ ilikuwa mdomoni mwa mchuuzi na haikuwa mdomoni mwa mama yangu, na harufu ya somo ilibaki mikononi hadi jioni. Isimu ya lahaja imelala kando ya barabara hii kama dagaa juu ya mchanga. Kinachotakiwa ni gari lisimame.

Kusini mwa mji michikichi ilijaa pande zote mbili. Tulisimama mahali ambapo watu wa nyumba moja walikuwa wanakamua mawese: matunda yamechemshwa, yametwangwa, yamekamuliwa, na mafuta mekundu yanaenguliwa juu ya sufuria. Mdogo wangu amekula mawese maisha yake yote, naye alikuwa hajawahi kuona yanavyotoka. Ana miaka kumi na minne na anaishi Rumonge.

Sasa nirudi kwa wapinzani wangu.

Wanasema kwanza kwamba huu ni uzungu. Jamani, neno lenyewe ni letu. Safari tulilipata kutoka Kiarabu, tukalifanya la kila mwendo: wa sokoni, wa mazikoni, wa ng'ambo. Waingereza wakaliazima katika karne ya 19, wakalibana likawa msafara wa kuwinda, na baadaye wa kupiga picha simba. Leo limerudi kwetu limevaa kofia ya mtalii, nasi tunaliogopa kana kwamba hatukulizaa. Mwaka 1901, huko Göttingen, Ujerumani, Carl Velten alichapisha kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Ndani yake Selim bin Abakari anasimulia jinsi alivyosafiri Urusi hadi Siberia mwaka 1896. Alikwenda akiwa katika utumishi wa Mjerumani, ni kweli, lakini macho aliyotazamia yalikuwa yake, na Kiswahili alichosimulia kilikuwa chake. Kwa hiyo nathari yetu ya kisasa ina watu walioshangaa njiani tangu mapema. Nani aliyetuambia kwamba kushangaa si kwetu?

Wanasema pili kwamba petroli hakuna. Hoja hii ni ya haki, nami siikwepi. Miaka hii ya karibuni kila Mrundi ameijua foleni ya mafuta. Mjomba alisubiri siku mbili kabla ya tenki kujaa, na gharama tulichangiana. Wapo watakaouliza kama si dhambi kuchoma lita hizo kwa ajili ya kutazama maji. Nami nauliza: mbona tunachoma lita zilezile kwenda harusini na kurudi, vioo vimefungwa, kila mtu ameinamia simu, na hakuna aitwaye mbadhirifu? Simwambii mtu auze shamba anunue gari. Nasema kwamba gari likishapatikana, tusilitumie kana kwamba nchi iliyo kati ya tulikotoka na tuendako ni adui wa kukimbiwa. Nitaambiwa basi dogo lipo. Lipo, na nimelipanda mara nyingi. Lakini dereva wake husimama kwa ajili ya abiria na kwa ajili ya kizuizi cha polisi. Huwezi kumwambia asimame kwa sababu mawingu yameshuka juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya maji. Hiyo ndiyo tofauti. Gari dogo mimi silisifu kwa injini yake, nalisifu kwa breki zake.

Wanaongeza kwamba barabara ina hatari. Kweli ina hatari. Karibu na Gitaza milima imewahi kuporomoka na kuua. Ziwa nalo limepanda miaka hii na kula nyumba za watu Rumonge. Habari hizo nilizisikia redioni, nikazitikisia kichwa kama mtu anayesikia habari za mbali. Siku ile tuliposimama na kuuona ukuta wa nyumba umebaki peke yake ndani ya maji, dirisha lake likiwa wazi na mawimbi yanaingia na kutoka, nilielewa kwamba kuna watu waliokuwa wakilala pale. Wahenga walisema msafiri kafiri, wakimaanisha kwamba njia ina taabu zake. Hawakusema tukae nyumbani.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonichoma: kwamba Mwafrika husafiri kwa sababu. Sababu! Mwambao huu umeshiba sababu. Katika karne ya 19 Rumaliza wa Ujiji alituma watu wake huku kutafuta pembe na watumwa. Walikuwa na sababu. Mwaka 1972 machafuko yalianzia Rumonge na Nyanza-Lac mwishoni mwa Aprili, yakafuatwa na mauaji nchini kote, na watu wakakimbilia Tanzania kwa maelfu. Walikuwa na sababu. Mwaka 1993 mama yangu, akiwa msichana, alivuka mpaka akiwa amembeba mdogo wake mgongoni. Mdogo wake huyo ndiye mjomba aliyeshika usukani siku ile. Mimi nilizaliwa kambini Mtabila, wilayani Kasulu. Na mwishoni mwa 2012, kambi ilipofungwa, zaidi ya watu elfu thelathini tulirudishwa Burundi kwa misafara ya mabasi na malori. Kila mwendo wa ukoo wangu umekuwa na sababu, na sijasikia hata mmoja wenye raha.

Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka basi likishuka kutoka Mabanda kuelekea Nyanza-Lac na ghafla bluu kubwa ikajaa dirishani. Nilisimama juu ya kiti nikapiga kelele, "Mama, ile bahari?" Mama akanivuta nguo: "Kaa chini." Basi halikusimama. Mabasi ya aina ile hayasimami kwa ajili ya mtoto. Ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, nililiona kwa mara ya kwanza kwa muda wa pumzi chache, kisha kichwa cha mtu kikaliziba.

Mwaka jana, kwa safari ya siku moja ya kutembea tu, mama alipanda gari akiwa na mkoba wenye vitambulisho vyetu vyote, vyeti vya shule, blanketi mbili na kilo tatu za unga. Mjomba alicheka, mama hakucheka. Kila tuliposimama aliuliza, "Kuna nini?" Tulipomjibu hakuna kitu, tunatazama tu, alikaa ndani ya gari mlango ukiwa wazi na mkoba ukiwa mapajani. Nilianza kujuta. Nilijiona mtoto wa chuo anayemtesa mama yake kwa mawazo ya vitabuni.

Jioni, tukirudi kutoka Mabanda, tulifika penye mteremko ule. Ziwa likajitokeza, jua likiwa linakaribia milima ya Kongo. Hakuna aliyesema neno. Mjomba aliendelea kuendesha. Ndipo mama akasema kutoka kiti cha nyuma, kwa sauti ya mtu anayetoa amri jikoni, "Simamisha gari."

Alishuka. Mkoba aliuacha kitini. Akakaa juu ya jiwe kando ya barabara, akatoa karanga kwenye kitenge, akaanza kumenya. Tulikaa pale karibu nusu saa. Aliuliza Kigoma iko upande gani, mjomba akamwonyesha kusini. Aliuliza zile taa zinazowaka majini ni za nini, nikamwambia ni za wavuvi wa dagaa. "Ndagala," akanisahihisha, akacheka. Kisha akasema jambo moja tu: "Siku ile sikuliona. Nilikuwa nahesabu mizigo."

Wenzangu, hiyo ndiyo mada isiyo na uzito. Mtu aliyevushwa nchi mara mbili katika maisha yake, akihesabu mizigo na watoto, alikuwa hajawahi kumwambia dereva asimame. Tunapomwambia mtu kama huyo kwamba safari ya raha si ya kwake, kwamba yeye ni wa kusafiri kwa sababu, tunamrudisha kwenye basi lile na kumwambia akae chini. Nakataa. Aliyekimbia katika barabara hii ndiye mwenye haki ya kwanza ya kutembea juu yake polepole.

Kwa wahadhiri wetu, shikamooni, nina ombi. Kila mwaka idara hukodi basi la ziara ya masomo. Tunapanda, tunafika, tunasikiliza hotuba ukumbini, tunarudi usiku tumelala. Mwaka huu tupelekeni Nyanza-Lac kwa njia ya Rumonge, bila ukumbi wala hotuba. Kila mwanafunzi apewe haki ya kusimamisha gari mara moja, popote apendapo, bila kuulizwa kuna nini. Akirudi aandike insha juu ya mahali pale: watu wake, majina ya samaki wao, maneno aliyoyasikia na hakuyakuta kamusini. Zisahihisheni kwa wino wowote mpendao. Mimi mahali pangu nimekwisha pachagua, na mama ameniomba nimwekee kiti.