Kidimbwi Ndani ya Majani

Ndugu msomaji, sisi wa nchi za joto tukilisikia neno barafu, mawazo yetu hukimbilia jokofuni, au kwenye kilele cheupe cha Kibo kinachoonekana kwa mbali. Wiki hii nakuomba uiname, kwani barafu ninayotaka kukuonyesha haionekani ila kwa kuinama.

Alfajiri moja nilikuwa juu kidogo ya vibanda vya Horombo, mita 3,720 mlimani Kilimanjaro. Bondeni huko huota mmea uitwao lobelia, ambao majani yake hujipanga duara mfano wa kabichi kubwa, na katikati ya kila duara hutuama maji. Usiku kidimbwi hicho huganda juu. Niliona kioo chembamba kilichochorwa mistari kama nyoya la ndege, na ndani yake mapovu meupe yamesimama kimya, kama shanga zilizokatika uzi. Maji yanapoganda huisukuma nje hewa iliyomo, nayo ikikosa njia hunaswa papo hapo. (Kile kiini cheupe katika barafu ya nyumbani ni hewa hiyo hiyo.)

Nami, kwa utundu usiolingana na umri wangu, nikakitoboa kioo kile kwa kidole. Mpagazi niliyefuatana naye hakucheka.

"Ndugu mwandishi," akasema, "umemfunua mtoto."

Alisema kweli. Maji huwa mazito kupita kiasi yakiwa na nyuzi 4 za Sentigredi. Yakizidi kupoa huwa mepesi, hupanda juu, na huko ndiko yanakoganda. Kwa hiyo barafu ile ni blanketi, na chini yake hubaki maji yasiyoganda yanayokifunika kichipukizi kichanga cha mmea. Wataalamu walipoyamwaga maji ya lobelia za jamii hiyo katika Mlima Kenya, waliona kichipukizi kikipoa hadi chini ya sifuri. Na lobelia huishi miaka mingi kabla ya kuchanua.

Tundu langu lilikuwa dogo, na jua lilikaribia kuchomoza. Lakini njia ile hupitwa na maelfu ya watu kila mwaka, na wengi wao wana fimbo mkononi.

Kesho yake alfajiri nilirudi palepale. Tundu lilikuwa limeziba kwa kioo kipya, chenye michoro mingine kabisa. Safari hii mikono yangu ilikuwa mfukoni.