Spidiwei Uingereza: Bingwa wa dunia, mpangaji nyumbani

UCHAMBUZI

JULAI 2024, timu ya taifa ya Uingereza ilitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za pikipiki za spidiwei mbele ya mashabiki wake jijini Manchester. Lilikuwa taji la pili la timu katika kipindi cha miaka mitatu, baada ya lile la Oktoba 2021 lililopatikana katika uwanja huo huo na kumaliza ukame uliodumu tangu 1989.

Anayetazama matokeo hayo peke yake ataamini kwamba mchezo huo umenawiri katika nchi iliyoulea. Ukweli ni tofauti.

Kati ya taji la kwanza na la pili, klabu ya Newcastle ilifunga shughuli zake katikati ya msimu wa 2022. Wolverhampton, mji ulioanza kuona mbio hizo katika uwanja wa Monmore Green mwaka 1928, ilikosa pa kukimbilia baada ya msimu wa 2023. Peterborough, waliokuwa mabingwa wa ligi kuu mwaka 2021, nao waliondoka katika uwanja wao mwaka huo huo wa 2023.

Hapo ndipo lilipo swali linalowaumiza vichwa wapenzi wa mchezo huo. Inakuwaje nchi itoe mabingwa wa dunia huku klabu zinazowalea zikizimika moja baada ya nyingine?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba watazamaji wamepungua. Jibu hilo lina chembe ya ukweli, lakini halitoshi. Mzizi wa tatizo uko ardhini: klabu nyingi za spidiwei nchini Uingereza ni wapangaji. Mpangaji, hata awe bingwa, huondoka siku mwenye nyumba anapotaka nyumba yake.

Mchezo wa dakika moja

Spidiwei ni mchezo mwepesi kuuelewa. Waendesha pikipiki wanne huzunguka mara nne kwenye njia ya umbo la yai iliyotandazwa changarawe laini, wakielekea kushoto wakati wote. Pikipiki zao zina injini ya ujazo wa sentimita 500 za mraba wa tatu, hutumia methanoli, zina gia moja na hazina breki. Kona hupigwa kwa kuiachia gurudumu la nyuma liteleze.

Wa kwanza hupata pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, na wa mwisho hutoka mikono mitupu. Kila mbio huchukua takriban dakika moja, na jioni moja ya ligi huwa na mbio zisizopungua kumi na tano.

Mchezo huo uliingia Uingereza kutoka Australia. Mkutano unaotambuliwa zaidi kuwa wa kwanza ulifanyika High Beech, katika msitu wa Epping nje kidogo ya London, Februari 19, 1928, na watu walifurika kwa maelfu kuliko waandaaji walivyotarajia. Mwaka uliofuata ligi zilikuwa zimeanza.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, spidiwei ilikuwa miongoni mwa michezo iliyovuta watazamaji wengi zaidi nchini humo, licha ya kodi kubwa ya burudani iliyotozwa na serikali. Fainali ya dunia ilianza kufanyika Wembley mwaka 1936. Ya mwisho katika uwanja huo, mwaka 1981, ilihudhuriwa na watu takriban 90,000 walioshuhudia Mmarekani Bruce Penhall akitawazwa.

Mwaka 1965 klabu 18 ziliungana kuunda Ligi ya Uingereza. Msimu wa 2024, ligi kuu ilianza na klabu saba.

London iliyofutika

Mfano ulio wazi zaidi ni jiji la London. Kwa nyakati mbalimbali jiji hilo lilikuwa na Wembley, West Ham, Wimbledon, New Cross, Harringay na Hackney. Leo halina hata klabu moja.

Uwanja wa West Ham, uliokuwa eneo la Custom House, ulibomolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na mahali pake pakajengwa makazi. Baadhi ya mitaa ilipewa majina ya watu wa mchezo huo, akiwamo promota Johnnie Hoskins. Majina yamebaki ukutani, pikipiki hazipo.

Wimbledon, klabu ya mwisho ya ligi jijini humo, ilifunga milango mwaka 2005 baada ya kushindwa kuafikiana na mmiliki wa uwanja kuhusu masharti ya pango. Mbwa wa mashindano waliendelea kukimbia hapo hadi 2017, kisha uwanja ukabomolewa. Leo pana nyumba za makazi na uwanja wa soka wa AFC Wimbledon uliofunguliwa 2020.

Hapa ndipo panapohitaji kufafanuliwa uhusiano wa spidiwei na mbio za mbwa. Tangu mwanzo, viwanja vingi vilijengwa kwa ajili ya mbwa, na pikipiki zilikaribishwa kutumia sehemu iliyobaki. Mwenye uwanja aliishi kwa fedha za kamari. Spidiwei ilimpa nyongeza ya jioni moja kwa wiki.

Mapatano hayo yalifaa pande zote mbili zama hizo ardhi ilipokuwa rahisi. Ardhi ilipopanda bei, uwanja wa pembezoni mwa mji ukageuka kiwanja cha nyumba. Na pale mmiliki alipoamua kuendelea na kamari, aliweza kuiona spidiwei kuwa kikwazo. Ndivyo ilivyokuwa Wolverhampton, ambako kampuni inayomiliki Monmore Green ilitaka nafasi zaidi kwa ajili ya mbwa.

Tazama orodha ya mabingwa wa ligi kuu tangu ilipopewa jina jipya mwaka 2017. Swindon walishinda 2017 na 2019. Poole walishinda 2018. Mwaka 2020 msimu ulifutwa kwa sababu ya janga la korona. Peterborough walishinda 2021.

Swindon hawakurejea tena baada ya janga hilo, wakikwamishwa na mradi wa kuujenga upya uwanja wa Blunsdon. Poole waliamua kwa hiari yao kushuka daraja ili kupunguza gharama. Peterborough waliondolewa na mpango wa uendelezaji wa eneo la maonyesho walikokuwa wakikimbilia. Msimu wa 2024 ulipoanza, hakuna hata klabu moja kati ya hizo tatu iliyokuwemo katika ligi kuu.

Ni nadra kuona mchezo ambao kutwaa ubingwa hakumpi bingwa uhakika wa kuwapo miaka mitano baadaye.

Jirani mpya na kelele za zamani

Ardhi ina upande wa pili: majirani. Mji unapotanuka na kuufikia uwanja uliokuwa porini, wanaohamia huanza kulalamikia kelele walizozikuta.

Suala hilo lilifika Mahakama ya Juu Kabisa ya Uingereza kutoka Mildenhall, Suffolk. Uwanja wa hapo umekuwa ukiendesha spidiwei tangu miaka ya 1970. Mwaka 2006 watu wawili walinunua nyumba karibu nao, kisha wakafungua kesi ya kero ya kelele.

Katika hukumu ya 2014, mahakama ilisema kwamba kuikuta kero mahali ulipohamia hakukunyimi haki ya kuilalamikia. Ilieleza pia kuwa kibali cha mipango miji, peke yake, si kinga dhidi ya madai hayo. Ni kweli kwamba hukumu hiyo iliwapa majaji uhuru zaidi wa kuamuru fidia badala ya zuio. Lakini kwa promota mdogo anayeishi kwa viingilio vya wiki hadi wiki, gharama za kesi pekee zinatosha kumwangusha.

Hata hivyo, sheria za mipango miji zimeonyesha pia kwamba zinaweza kuwa ngao. Coventry, moja ya klabu kongwe, iliupoteza uwanja wake wa Brandon baada ya msimu wa 2016. Mmiliki alitaka kujenga nyumba. Wapenzi wa klabu walipinga kwa miaka, na mwaka 2022 halmashauri ya Rugby ilikataa ombi hilo la ujenzi.

Ushindi huo una funzo chungu. Kumzuia mwenye ardhi asijenge si sawa na kumlazimisha arudishe mbio. Uwanja ulichakaa na kuharibiwa na wahuni huku pande mbili zikivutana.

Mizani ya Poland

Wanaodai kwamba zama za spidiwei zimepita hawana budi kutazama Poland. Huko mchezo huo hushindana na soka kwa mapenzi ya watu, na mechi kubwa za ligi hujaza viwanja kwa maelfu. Bartosz Zmarzlik wa nchi hiyo alitwaa ubingwa wa dunia kwa mara ya sita mwaka 2025, akiifikia rekodi ya Ivan Mauger wa New Zealand na Tony Rickardsson wa Sweden.

Tofauti haiko katika pikipiki wala katika hali ya hewa. Miji ya Poland huihesabu timu ya spidiwei kuwa fahari ya mji, na manispaa nyingi zinamiliki viwanja. Toruń ilifungua uwanja wa kisasa kwa ajili ya mchezo huo mwaka 2009. Kwa hiyo klabu inapojadili bajeti yake, haianzi na hofu ya kufukuzwa. Mdhamini naye huweka fedha akijua timu itakuwapo mwakani.

Fedha hizo huwavuta waendeshaji bora. Tai Woffinden, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa dunia 2013, 2015 na 2018, alikaa misimu kadhaa nje ya ligi ya nyumbani katika kilele cha uwezo wake. Dan Bewley na Robert Lambert, nguzo za mataji ya 2021 na 2024, nao hupata sehemu kubwa ya riziki yao Poland.

Hivyo Uingereza imegeuka kitalu. Miche huota kwake, matunda huchumwa kwingine.

Lawama za ndani

Haitakuwa haki kuwabebesha wenye ardhi mzigo wote. Viongozi wa mchezo wenyewe wamechangia.

Kanuni inayoweka kikomo cha wastani wa pointi za timu huzilazimisha klabu kuvunja vikosi vyao kila mwaka, hata vile vilivyopendwa. Waendeshaji wengi huruhusiwa kupanda katika madaraja mawili kwa wakati mmoja, jambo linalomchanganya mtazamaji mgeni. Mbio nyingi za ligi kuu hupangwa siku za kazi, na mvua ikinyesha mkutano huahirishwa huku gharama zikiwa zimeshatumika.

Mapato ya televisheni nayo hayakugeuzwa mtaji wa kudumu. Sky Sports ilianza kuonyesha ligi hiyo mwaka 1999 na kuendelea kwa zaidi ya muongo mmoja. Baadaye zikaja BT Sport na Eurosport. Fedha zilizoingia katika miaka hiyo zilielekea zaidi kwenye malipo na uendeshaji kuliko kwenye kununua ardhi. Nafasi hiyo ikipotea, ni vigumu kuirudisha.

Dalili ya kupungua ilionekana pia katika mbio za ubingwa wa dunia. Tangu 2001 raundi ya Uingereza ilikuwa ikifanyika Cardiff, katika uwanja mkubwa wa taifa wa Wales, na kuvuta makumi ya maelfu ya watu. Mwaka 2025 ilihamishiwa Manchester, katika uwanja unaochukua watu wachache mno kuliko ule.

Njia iliyobaki

Lakini uwanja huo wa Manchester ndio unaobeba pia jibu. Ulijengwa kwa usimamizi wa halmashauri ya jiji na kufunguliwa 2016, ukiwa sehemu ya kijiji cha michezo cha Belle Vue. Mwanzo wake ulikuwa mgumu: mkutano wa kwanza ulifutwa usiku ule ule kwa sababu njia haikuwa imara, na mwaka haukuisha kabla uendeshaji haujabadili mikono.

Pamoja na hayo, uwanja ulibaki. Promota aliondoka, mwingine akaja, na mashabiki wakaendelea kukaa mahali pale pale. Belle Vue walitwaa ubingwa wa ligi kuu 2022 na 2024. Mataji yote mawili ya timu ya taifa yalipatikana hapo.

Leicester wana hadithi inayofanana. Uwanja wao wa zamani wa Blackbird Road ulifungwa 1983 na kugeuzwa makazi, na kizazi kizima kikakua bila mbio. Mwaka 2011 walirejea katika uwanja mpya uliojengwa mahsusi kwa spidiwei, na hatimaye wakapanda hadi ligi kuu. Oxford nao, walionyamaza tangu 2007, waliwasha tena injini mwaka 2022. Mashabiki walikuwa bado wapo.

Mifano hiyo inaonyesha kwamba mapenzi ya mchezo hayakufa. Yalikosa mahali pa kukaa. Ikiwa halmashauri za miji zitaihesabu spidiwei kuwa mali ya umma kama zinavyouhesabu uwanja wa riadha au bwawa la kuogelea, klabu chache zenye makao ya kudumu zinaweza kuujenga upya mchezo polepole. Ikiwa zitaendelea kuiacha ijitafutie hifadhi kwa wenye kamari na wajenzi wa nyumba, kila msimu utakuwa na orodha yake ya waliofukuzwa.

Uamuzi huo una muda maalumu. Mwendeshaji wa kiwango cha dunia huanza akiwa mtoto, kwenye njia iliyo karibu na kwao. Bewley na Lambert walipata njia hizo. Kila uwanja unaofungwa sasa unapunguza nafasi za watakaowarithi, na pengo hilo halitaonekana kwenye jedwali la matokeo mpaka baada ya miaka kumi, wakati ambapo nyumba zitakuwa zimeshajengwa.