Kitambi na Pumzi
Na Mwanasingidani

Mapafu ya mkazi wa Singida yana mizigo inayotajwa hadharani: moshi wa kuni na mkaa jikoni, vumbi la kiangazi linalopeperushwa na upepo na, kwa wachimbaji wa dhahabu wa Sekenke wilayani Iramba, chembe za mawe ziletazo silikosisi, yaani kovu la kudumu ndani ya mapafu. Mzigo mwingine hautajwi, kwa kuwa hubebwa tumboni na jamii huusifu; nao ni mafuta ya mwili yaliyozidi, ambayo magazeti huyaita kiribatumbo na mitaani huitwa kitambi.

Uhusiano wa tumbo na pumzi huanza na nafasi. Chini ya mapafu kuna kiwambo, msuli mpana uliopinda kama bakuli lililofudikizwa, ambao hushuka kila mtu anapovuta hewa ili mapafu yatanuke. Mafuta yakijaa kuzunguka utumbo, kiwambo hukosa pa kushukia, na yale yaliyotanda kifuani huzielemea mbavu kwa nje, hivyo akiba ya hewa inayobaki mapafuni baada ya kutoa pumzi hupungua, vijia vya sehemu za chini hufumba mapema, na mtu huhema harakaharaka bila kushiba hewa. Jambo hili halihitaji maabara, kwani mwenye kitambi anapoinama kufunga kamba za viatu huzuia pumzi, hufunga upesi, kisha huinuka akitweta.

Sababu ya pili haionekani kwa macho. Tishu ya mafuta si ghala lililolala, bali hutoa kemikali, ikiwamo homoni ya leptini, zinazouweka mwili katika uvimbe wa chinichini usioisha, na hali hiyo ni miongoni mwa mambo yanayofanya pumu ya watu wanene mara nyingi iwe ngumu kutulizwa kwa dawa za kuvuta. Mwaka 2019 watafiti wa Australia walieleza walivyochunguza sampuli za mapafu ya marehemu 52 na kukuta mafuta ndani ya kuta za mirija ya hewa yenyewe, yakiongezeka kadiri uzito ulivyozidi kimo.

Heshima ya kitambi, hata hivyo, si upuuzi mtupu. Kifua kikuu humkondesha mtu, na UKIMWI ulipoenea miaka ya 1980 wembamba ulizidi kuogopwa. Isitoshe, ni kweli kwamba wenye uzito mkubwa hupata kifua kikuu kwa nadra kuliko waliokonda. Nafuu hiyo hulipiwa kwingine, kwani unene hufungulia mlango kisukari, na mwenye kisukari hukabiliwa na hatari ya kifua kikuu mara mbili hadi tatu ya mtu asiye nacho.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania, ni hatua njema, ila moshi ukitoka jikoni kitambi kitabaki pale pale. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015 na 2016 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri, ilhali mizani ya zahanati bado huonekana kuwa chombo cha watoto na wajawazito. Unene uliokithiri huanzia 30, idadi ipatikanayo kwa kugawa kilo kwa kimo cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe, kiasi kwamba mtu wa mita 1.60 huvuka mpaka huo akifika kilo 77.

Pasipo na mizani, uzi unatosha. Hupimwa nao kimo kutoka kisigino hadi utosini, kisha uzi hukunjwa katikati na kuzungushwa kiunoni. Ncha zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya kimo, na mhudumu ana sababu ya kuuliza kama mtu huyo hukoroma, kama pumzi humkatika usingizini kwa koo kuzibwa na mafuta ya shingo, na kama huamka na kichwa kizito, kabla ya kuandika neno pumu kwenye daftari lake.